Wosia au trasti ya uhai: mwenye nyumba California achague kipi?

binti_wa_bandari ameuliza:

Wakuu, salaam aleikum na poleni na majukumu. Naomba msaada kwa wanaoijua sheria ya mirathi ya Marekani, hasa jimbo la California.

Hali yetu ni hii. Mume wangu na mimi tuna nyumba moja tunayoishi, bei yake sokoni ni kama dola 720,000 na deni la benki limebaki 390,000. Akiba benki ni dola 45,000. Kuna magari mawili, 401(k) (akiba ya uzeeni) ya mume kazini na bima yake ya maisha. Watoto ni wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume miaka 6, wote raia wa hapa kwa kuzaliwa. Sisi wazazi ni raia wa Kenya wenye ukaazi wa kudumu. Mume pia ana shamba Kilifi, hati iko kwa jina lake, na mama yake mzazi yuko hai.

Wakili mmoja ametwambia tufungue trasti ya uhai, mwingine anasema wosia unatosha kabisa na trasti ni ya matajiri. Naomba kujua kipi kinatufaa na kwa nini, hatua zake ni zipi, na watu huharibu wapi. Sisi ni Waislamu, tungependa mali igawanywe kwa faraidhi. Na je, shamba liingie humo humo?

---

Sahihi_na_Muhuri amejibu:

Waaleikum salaam dada. Kwa hali yenu: fungueni trasti, na wosia mwandike vilevile. Vinafanya kazi mbili tofauti na hakuna kimoja kinachokiondoa kingine.

Wosia haufanyi kitu mpaka mtu afe na mahakama iupokee. Ni maagizo kwa hakimu: huyu awe msimamizi wa mirathi, mali iende kwa hawa, mlezi wa watoto awe fulani. Trasti ya uhai huanza kazi siku ile ile mnapoihamishia mali. Nyinyi wenyewe ndio waanzilishi, ndio wadhamini wanaoiendesha, na ndio wanufaika wa kwanza. Mnauza, mnakopa, mnabadilisha masharti au mnaivunja mkitaka. Mmoja akifa au akipoteza fahamu, mdhamini anayefuata kwenye maandishi anashika usukani bila kwenda mahakamani.

Lakini shikeni hili kabla ya yote: mali hufuata jina lililoandikwa kwenye hati yake, haifuati maneno ya wosia. Kabla ya kumlipa wakili yeyote, kaeni na kalamu mwandike kila mali na jina lililoko kwenye hati yake. Orodha yenu ingekuwa hivi:

401(k) na bima ya maisha humwendea mnufaika aliyeandikwa kwenye fomu ya kazini au ya kampuni ya bima. Wosia hauzigusi, hata ukisema vingine. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2001 katika shauri la Egelhoff: mume alitalikiana na mkewe, akafa kabla ya kubadilisha fomu za mpango wa kazini, na sheria ya jimbo iliyokuwa inafuta jina la mtalaka ikashindwa na sheria ya shirikisho. Aliyeandikwa kwenye fomu ndiye aliyelipwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, ya bure kabisa, ni mume aombe nakala ya fomu zake na aone zinasema nini leo.

Magari yaacheni. DMV, idara ya magari ya California, ina fomu REG 5 ambayo mrithi anajaza siku 40 baada ya kifo, pasipo mahakama. Kuyaingiza kwenye trasti ni kujiongezea makaratasi tu.

Nyumba ndiyo penye pesa na penye hatari, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mirathi kamili ikifunguliwa California, ada ya wakili imewekwa na sheria: asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza, asilimia 3 ya 100,000 zinazofuata, asilimia 2 ya 800,000 zinazofuata, na asilimia 1 ya milioni 9 baada ya hapo. Msimamizi wa mirathi naye ana haki ya kudai kiasi kile kile. Linalowaumiza watu ni kwamba hesabu hupigwa juu ya thamani nzima ya mali, deni la benki halitolewi. Chukulia nyumba imefika 800,000 na akiba ni 45,000, jumla 845,000:

4,000 + 3,000 + 12,900 = dola 19,900 za wakili. Msimamizi akidai zake, inakuwa 39,800. Na hapo warithi wana nyumba ambayo karibu nusu yake bado ni ya benki.

Muda wake kwa kawaida ni miezi tisa hadi mwaka mmoja na nusu, na faili ni la wazi: jirani yeyote anaweza kwenda mahakamani akasoma nani kapata nini.

Sasa nimtendee haki wakili wenu wa pili, kwa sababu ana hoja. Kwa aliyefariki tarehe 1 Aprili 2025 au baada yake, makazi makuu yenye thamani isiyozidi dola 750,000 yanaweza kupita kwa ombi moja jepesi mahakamani, fomu DE-310, badala ya mirathi kamili. Mnasubiri siku 40, mthamini wa mahakama anathamini, hakimu anatoa amri, amri inasajiliwa kaunti. Mali isiyo ardhi inaweza kukusanywa kwa kiapo tu ikiwa thamani haizidi dola 208,850. Leo, kwa 720,000, nyumba yenu ingepita mlango huo. Ila thamani inayotazamwa ni ya siku ya kifo, na hapa pia deni halitolewi. Nyumba ikipanda zaidi ya asilimia 4 tu mko nje. Viwango hivyo hupitiwa kila miaka mitatu, bei za nyumba hazingoji.

Hata hivyo, sababu yangu kubwa ya kuwaambia trasti si ada. Ni umri wa watoto. Nyinyi wote wawili mkifa kesho na mna wosia unaosema tu "mali kwa watoto wetu", mahakama itamteua mlezi wa mali, atatoa hesabu kwa hakimu kila mara, na mtoto akitimiza miaka 18 anakabidhiwa fungu lake lote. Nyumba, bima, 401(k), yote mkononi mwa mtu wa miaka 18. Kwenye trasti mnaandika: mdhamini alipe shule, matibabu na makazi mpaka umri fulani, theluthi itolewe akiwa na miaka 25, nyingine 28, iliyobaki 30, au vyovyote mnavyoona. Wosia pia unaweza kubeba trasti ndani yake, lakini hiyo huzaliwa baada ya kupita mahakamani.

Hatua zenyewe

1. Hati ya trasti iandikwe, ikitaja wadhamini wa kufuata angalau wawili kwa mpangilio. Mtie saini mbele ya notari.

2. Nyumba ihamishwe. Hii ndiyo hatua inayoachwa nusu njia kuliko zote. Hati mpya ya uhamisho inaandikwa, inatiwa saini mbele ya notari, na inasajiliwa kwa msajili wa hati wa kaunti ilipo nyumba, ikiambatana na fomu BOE-502-A ya taarifa ya mabadiliko ya umiliki. Juu ya hati iandikwe sababu ya kutotozwa kodi ya uhamisho. Kwenye BOE-502-A wekeni alama kwamba ni trasti inayoweza kuvunjwa kwa faida ya mwenye mali, ili kodi ya nyumba isithaminiwe upya. Jina la mmiliki lisomeke "Fulani na Fulani, wadhamini wa Trasti ya Familia ya Fulani ya tarehe kadhaa". Wengi huandika jina la trasti peke yake. Trasti si kampuni, mwenye hati ni mdhamini.

Benki haiwezi kudai deni lote kwa sababu ya uhamisho huo: sheria ya shirikisho ya Garn-St Germain ya 1982 inamlinda mkopaji anayeendelea kuwa mnufaika wa trasti na kuishi kwenye nyumba. Waarifuni bima ya nyumba ili wadhamini waongezwe kwenye mkataba wa bima. Hilo husahaulika, na likisahaulika moto ukitokea kampuni inaweza kuuliza mwenye nyumba ni nani.

3. Akaunti ya benki. Nendeni na cheti cha trasti, ambacho ni muhtasari wa kurasa chache unaotaja wadhamini na mamlaka yao. Benki haihitaji kujua nani anarithi nini. Namba ya kodi inabaki ya kwenu wenyewe, na ripoti ya kodi ya mapato haibadiliki mkiwa hai. Benki ikifungua akaunti yenye namba mpya, hamisheni mshahara na malipo ya kila mwezi kabla ya kufunga ya zamani.

4. 401(k) msiihamishie kwenye trasti mkiwa hai. Kubadilisha mwenye akaunti huhesabiwa kama kutoa pesa zote, na kodi yake hudaiwa mwaka huo huo. Kinachobadilishwa ni mnufaika tu. Mke ndiye mnufaika wa kwanza kisheria, na ili awe mtu mwingine lazima mke akubali kwa maandishi yaliyothibitishwa. Mnufaika wa pili asiwe mtoto kwa jina lake, awe mdhamini wa fungu la watoto ndani ya trasti. Bima ya maisha hivyo hivyo.

5. Wosia mfupi kwa kila mmoja wenu. Unamtaja mlezi wa watoto, na unaagiza kwamba chochote kilichosahaulika nje kiingie kwenye trasti. California inataka mashahidi wawili wanaokuwepo pamoja mnapotia saini. Mashahidi wasiwe warithi: shahidi anayepewa kitu, sheria inaanza kwa kudhani alimshinikiza mwenye wosia. Muhuri wa notari hauchukui nafasi ya mashahidi.

6. Hati ya uwakilishi wa mambo ya fedha inayoendelea hata mtu akipoteza akili, na maagizo ya matibabu. Mdhamini ana mamlaka juu ya vilivyomo kwenye trasti tu. Hawezi kuzungumza na wasimamizi wa 401(k) wala kutia saini ripoti ya kodi ya mgonjwa.

Mkishindwa hatua ya pili, bado kuna mlango mmoja: ikiwa jedwali la mali mlilolitia saini linaitaja nyumba, mdhamini anaweza kuiomba mahakama itambue kwamba nyumba ni ya trasti, kwa kufuata shauri la Heggstad la 1993. Ni nafuu kuliko mirathi kamili. Lakini ni mahakamani pale pale mlipokuwa mnapakwepa.

Mwisho, msiuziwe trasti kama dawa ya kodi. Trasti inayoweza kuvunjwa haipunguzi kodi hata senti. California haina kodi ya mirathi, na ya shirikisho kwa mkaazi huanza juu ya dola milioni 15 kwa atakayefariki 2026.

---

ndugu_wa_Houston amejibu:

Mkuu hapo juu amefafanua vizuri, ila wanaosoma wakiwa majimbo mengine wasikimbilie trasti kwa hesabu ya California. Ile ada ya asilimia ni ya kwao.

Hapa Texas, wosia ukiandikwa sawasawa unamtaja msimamizi wa kujitegemea asiyetakiwa kuweka dhamana ya fedha. Anaenda mahakamani mara moja, anapewa barua zake za mamlaka, anawasilisha orodha ya mali au kiapo badala yake, basi. Halipi asilimia wala haombi ruhusa ya hakimu kwa kila mauzo. Masharti: mashahidi wawili wenye miaka 14 au zaidi, na ambatisheni kiapo cha mashahidi mbele ya notari ili wasitafutwe miaka ishirini baadaye. Wosia uwasilishwe ndani ya miaka minne tangu kifo. Hapo ndipo familia nyingi hukwama: baba anakufa, mama anaendelea kukaa kwenye nyumba, wosia uko kabatini, na miaka minne inapita bila mtu kuona haja.

Texas pia ina hati ya kuhamisha nyumba wakati wa kifo tangu Septemba 2015. Unaiandika, notari, unaisajili kaunti ukiwa hai, na ukifa nyumba inamwendea uliyemtaja. California nayo inayo, lakini sharti lake linawaangusha watu: mashahidi wawili, notari, na isajiliwe ndani ya siku 60 tangu siku ya notari. Siku ya 61 ni karatasi tu.

Kwa dada mwenye swali sikupendekezei hati hiyo. Haina namna ya kushikilia fungu la mtoto wa miaka 6.

Jingine la Texas: ukiingiza nyumba kwenye trasti, hakikisha trasti ina maneno yale ambayo sheria ya kodi ya jimbo inayataka ili uendelee kupata nafuu ya kodi ya makazi. Trasti za kupakua mtandaoni mara nyingi hazina. Na aliye na nyumba kwenye majimbo mawili, hata akikaa kwetu huku, afungue trasti, maana bila hiyo mirathi inafunguliwa mara mbili, kila jimbo kwa nyumba yake.

---

hesabu_ya_mafungu amejibu:

Dada, kuhusu faraidhi. Ni vizuri umeuliza mapema, kwa sababu usipoandika kitu, sheria ya California ndiyo inayogawa, na haimjui mama mkwe wako palipo na mke na watoto.

Kwanza tazameni hati ya nyumba iliyopo sasa. Wanandoa wengi California waliandikishwa umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, aliyebaki anachukua nyumba nzima. Ikiwa ndivyo na nyumba haijaingia kwenye trasti, mume akitangulia nyumba yote ni yako, na wala watoto wala mama yake hawapati fungu, hata mkiwa na wosia wa faraidhi wenye mashahidi kumi. Mkuu Sahihi_na_Muhuri amesema mali hufuata jina la hati. Kwa Mwislamu hilo lina uzito zaidi. Uhamisho wa kuingia kwenye trasti ndio unaoikata haki hiyo ya aliyebaki kuchukua chote.

Mkiwa mnahamisha, trasti iseme wazi kwamba mali inabaki mali ya ndoa, nusu kwa nusu. Kuna faida mbili. Ya kwanza, kila mmoja anajulikana anagawa nusu yake tu. Nusu yako wewe si mirathi, ni mali yako. Ya pili ni ya kodi: mali ya ndoa ikifiwa na mmoja, gharama ya msingi ya nyumba nzima (bei ambayo faida huhesabiwa kuanzia hapo mkiuza) hupandishwa hadi bei ya siku ya kifo. Kwenye umiliki wa ubia wa kawaida hupandishwa nusu pekee. Nyumba iliyonunuliwa 400,000 ikiuzwa 720,000, tofauti hiyo mnaiona kwenye kodi ya faida. (Kama nusu kwa nusu ya sheria ya jimbo inalingana na nani alichangia nini kwa mtazamo wa dini, kaeni na shekhe wenu kabla ya kutia saini, si baada.)

Pili, msiandike "igawanywe kwa mujibu wa Sharia" mkaishia hapo. Mahakama za Marekani huepuka kutafsiri hukumu za dini, na mrithi mmoja akipinga, sentensi hiyo peke yake haina mtu wa kuisimamia. Wala msiandike mafungu kama namba zilizogandishwa, kwa sababu warithi hujulikana siku ya kifo: mama mkwe akitangulia, hesabu yote inabadilika. Andikeni kanuni yenyewe ndani ya trasti, pamoja na kiambatanisho cha mafungu, na mtaje nani atakokotoa na kwamba mdhamini atafuata hesabu yake.

Mfano kwa mume wako akifa leo, baba yake akiwa ametangulia, na ameacha mke, mama, mwana na binti. Lipeni mazishi na madeni, toeni wasiya usiozidi theluthi kwa wasiorithi, kisha:

Mke 1/8, kwa kuwa kuna watoto. Mama 1/6. Iliyobaki ni 17/24, mwana apate mara mbili ya binti. Kwa sehemu 72: mke 9, mama 12, mwana 34, binti 17.

Linalowashinda watu si hesabu, ni nyumba. Nusu ya marehemu ikigawanywa hivyo kipande kwa kipande, wewe unaishi kwenye nyumba ambayo sehemu yake ni ya mtoto mdogo asiyeweza kukuruhusu chochote kisheria, na nyingine ni ya mama mkwe aliye Kilifi. Dawa yake ni sentensi moja: mdhamini awe na mamlaka ya kugawa kwa thamani, si lazima kila mrithi apate kipande cha kila mali. Hapo bima ya maisha ikilipwa ndani ya trasti, mafungu ya mama na watoto yanatoka kwenye fedha, nawe unachukua nyumba. Ndiyo maana bima ilingane na hesabu hiyo. Pigeni hesabu ya nusu ya nyumba baada ya deni, toeni 1/8 yako, na hiyo ndiyo fedha inayotakiwa kuwepo.

401(k) ni ngumu zaidi, maana sheria inakupa wewe yote. Ukitaka iingie kwenye faraidhi, ni lazima ukubali kwa maandishi mume awataje wengine. Usitie saini bila kuelewa kwamba hapo unaachia haki yako.

---

binti_wa_bandari ameandika:

Ahsanteni sana, Allah awalipe. Nimeangalia hati, ni kweli imeandikwa ule umiliki wa aliyebaki kuchukua yote. Hatukujua.

Maswali mawili. Mume anataka shemeji yangu aliye Mombasa awe mdhamini anayefuata, kwa kuwa ndiye anayeaminika na wote. Na shamba la Kilifi bado sijaelewa. Tunafikiria kurudi nyumbani kabisa watoto wakikua.

---

Shamba_na_Hati amejibu:

Dada, naanza na shamba. Lisiingie kwenye trasti ya California. Ardhi ya Kenya inarithiwa kwa sheria ya Kenya popote alipofia mwenyewe, na msajili wa ardhi hatafanya kazi na cheti cha trasti ya nje.

Kuna tatizo zito zaidi. Katiba ya Kenya, Ibara ya 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Ibara hiyo hiyo inasema mali iliyo chini ya udhamini itahesabiwa kuwa ya raia pale tu ambapo manufaa yote ni ya raia. Mnufaika mmoja asiye raia anatosha kulitia doa shamba lote. Watoto wenu wamezaliwa Marekani, lakini kwa kuwa mzazi ni raia wa Kenya, nao ni raia kwa kuzaliwa chini ya Ibara ya 14, na uraia pacha unaruhusiwa. Tatizo ni makaratasi: hawana kitu mkononi kinachoonyesha. Wachukulieni vyeti na pasipoti za Kenya sasa mkiwa hai wote wawili. Mtoto akienda kwa msajili na pasipoti ya Marekani peke yake, ataanza kuthibitisha uraia wa baba aliyekwisha kufa.

Mume aandike wosia wa pili, wa Kenya, kwa mali ya Kenya tu, mashahidi wawili, na uwekwe kwa mtu aliye huko. Kwa shamba la kilimo wosia una faida yake: uhamisho wa mtu aliye hai unahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, wakati ardhi inayopita kwa wosia haikihitaji, isipokuwa kama itakatwa vipande vyenye hati tofauti.

Na hapa ndipo penye mtego ambao mawakili wa pande zote mbili huutega bila kujua. Karibu kila wosia huanza na sentensi "nafuta wosia zangu zote za nyuma". Ule wa California ukitiwa saini mwezi mmoja baada ya ule wa Kenya, umeufuta wa Kenya. Kila wosia uandikwe: unahusu mali iliyoko nchi hii tu, na haugusi ule wa nchi ile. Mpeni kila wakili nakala ya kazi ya mwenzake.

Kuhusu shemeji wa Mombasa. IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, huihesabu trasti kuwa ya Marekani pale tu mahakama ya Marekani inapoweza kuisimamia na watu wa Marekani, yaani raia au wakaazi wake kikodi, wanapokuwa na uamuzi wa mambo yote makubwa. Shemeji akiwa mdhamini peke yake baada yenu, trasti inaweza kugeuka ya kigeni. Hapo zinaanza fomu za taarifa za trasti za kigeni kama 3520 na 3520-A, na faini ya kuchelewa kwake haijali kama mlijua au hamkujua. Mwekeni mkaazi wa hapa kuwa mdhamini. Shemeji mpeni ulezi kwenye wosia, au aandikwe kwamba mdhamini atamsikiliza, lakini uamuzi ubaki kwa wa hapa. Yeye huyo ndiye anafaa kusimamia wosia wa Kenya.

Na kuhusu kurudi kabisa. Ile kinga ya dola milioni 15 ni ya raia na mkaazi. Mkihamia Kenya moja kwa moja, mkaachia ukaazi wa kudumu na nyumba ya California mkaibakiza, mnakuwa wasio raia wasio wakaazi, na kinga ya kodi ya mirathi kwa mali iliyoko Marekani inashuka hadi dola 60,000. Nyumba ikiwa mali ya ndoa, kila mmoja nusu yake, bado mmezidi sana. Trasti haiwalindi na hilo, kwa sababu mali ndani ya trasti inayoweza kuvunjwa ni yenu. Amueni la kuuza au kutafuta uraia kabla ya kurudisha kadi ya ukaazi.

---

Sahihi_na_Muhuri amejibu:

Naunga mkono la mdhamini wa nje, na naongeza mambo mawili.

Hati ya trasti ieleze mwenye mali atahesabika hajiwezi kwa ushahidi gani, kwa kawaida barua za madaktari wawili, na ambatisheni ruhusa ya kutoa taarifa za afya kwa mdhamini anayefuata. Bila ruhusa hiyo daktari hatoi barua, bila barua benki haimkubali mdhamini mpya, na mnaishia kuomba usimamizi wa mahakama.

Mmoja akifa na sehemu yake ya trasti ikawa haibadiliki tena, mdhamini ana siku 60 za kuwapelekea wanufaika na warithi wa kisheria taarifa rasmi. Aliyepewa ana siku 120 za kupinga. Taarifa isipotumwa, siku hizo hazianzi kuhesabika. Mama mkwe naye atumiwe huko Kilifi, kwa kuwa ni mnufaika. Sehemu hiyo itahitaji namba yake ya kodi, na fomu 1041, yaani ripoti ya kodi ya mapato ya trasti, kwa mwaka ambao mapato yake yamefika dola 600.

---

binti_wa_bandari ameandika:

Shukran wakuu. Moja tu: tunataka kubadilisha mkopo wa nyumba mwaka huu kupata riba nafuu. Tufungue trasti kwanza au mkopo kwanza?

---

ndugu_wa_Houston amejibu:

Mkopo kwanza, dada, kama unakamilika hivi karibuni. Wakopeshaji wengi hutaka nyumba itolewe kwenye trasti, irudi kwa majina yenu, mtie saini mkopo, ndipo irudishwe. Ya kutoa hushughulikiwa na ofisi inayofunga mkopo. Ya kurudisha hakuna anayewakumbusha. Mkopo ukichelewa mpaka mwakani, fungueni trasti sasa, na siku ya kufunga mkopo dai hati zote mbili ziandaliwe pamoja: ya kutoa na ya kurudisha. Wiki chache baadaye ombeni kaunti nakala ya hati ya mwisho iliyosajiliwa, msome jina la mmiliki kwa macho yenu.